Nilimwoshea Mgeni Baiskeli

Kwetu mgeni akilala, asubuhi anakuta baiskeli yake imeoshwa. Hakuna anayeambiwa aioshe. Mama alikuwa akinitazama mimi, kisha anaitazama ndoo, basi, nimeshaelewa. Vumbi la njiani linatolewa, spoku zinapanguswa moja moja kwa kitambaa, cheni inatiwa mafuta. Mgeni akitoka nje anajifanya hajaona, na sisi tunajifanya hatujafanya kitu. Na baiskeli kwetu hailali nje. Inalala sebuleni, imeegemea ukuta kama mtu wa nyumbani.

Naanza na hayo kwa sababu nikianza na msitu na barafu, mtu atadhani nataka kujisifu kwamba niliwahi kuendesha baiskeli juu ya theluji. Niliendesha, kweli, na nilifurahi kama mtoto. Lakini kila nikikumbuka furaha ile nayafikia maji ya moto, na hapo moyo unanyong'onyea.

Nilifika Stockholm miaka ya themanini inaelekea mwisho, kijana aliyeishia darasa la saba, mwenye ndoto nyingi kuliko nguo. Nilikaa kwa dada yangu, mtaa wa Fisksätra, kwenye maghorofa marefu yaliyo karibu na reli ya Saltsjöbanan. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo katika kantini ya ofisi moja Sundbyberg. Naosha masufuria, naosha trei, naosha vikombe vya watu wasiomaliza kahawa yao, na huku mikono iko majini, kichwa kiko mbali. Kichwani nilikuwa na duka. Nilikuwa na mashindano ya baiskeli milimani kwetu, na mimi niko mbele nimevaa fulana ya njano, dada analia kwa furaha. Mpishi alizoea kuniona nikicheka peke yangu juu ya sinki.

Rafiki yangu alikuwa Mganda, amenizidi umri kiasi cha kumwita kaka. Alikimbia kwao wakati wa vita, akahangaika Nairobi, mwisho watu wa kanisa wakamleta Sweden. Aliishi Jakobsberg na kazi yake ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Tulikutana Jumapili moja kwenye ukumbi ambako watu wa kwetu walikuwa wakinywa chai na kuongea Kiswahili, kila mmoja na Kiswahili chake: Wakenya na Kiingereza ndani yake, Wakongo na Kifaransa ndani yake. Yeye alisema mimi naongea kama ninasoma taarifa ya habari. Nikamjibu kwamba yeye akiomba sukari, mtu anasimama wima kama anayeamrishwa na sajenti. Tukapendana hapo hapo.

Majira yake ya baridi ya kwanza nchini humo aliyamaliza dirishani. Alinieleza kwamba alikuwa akirudi kazini, anakaa kwenye kiti, anatazama magari yaliyoegeshwa yakifunikwa na theluji mpaka hayajulikani rangi zake. Siku ikiisha, analala. Kisha mwenzake wa kazini akamuuzia baiskeli ya milimani, zile zenye matairi mapana yenye vipele, ambazo wakati huo ndiyo kwanza zilikuwa zinaonekana mitaani. Yule bwana akamwambia kwamba hata wakati wa baridi mtu anaweza kuingia nayo msituni, ila tairi lazima liwe na meno.

Meno tulitengeneza wenyewe. Mimi nami nilikuwa nimepata ya kwangu mnadani, kuukuu, gia zake nusu zimekufa. Tulikaa katika chumba cha chini cha jengo la dada, tukatoboa kila kipele cha tairi na kupitisha skrubu fupi kutoka ndani, ncha ikatokeza nje. Vichwa vya skrubu tukavifunika kwa tyubu ya zamani iliyokatwa kwa urefu, zisije zikatoboa tyubu mpya. Vidole vyetu vilitoka damu. Tulipomaliza, matairi yalionekana kama mkia wa mamba, nami nikasema nikifungua duka langu nitauza matairi ya namna hiyo. Kaka akauliza nitamuuzia nani huko kwetu, labda mtu anayetaka kupanda juu ya friji.

Msitu ulianzia nyuma ya maghorofa. Njia zake zilikuwa nyembamba, zinapita kati ya misonobari na kuzunguka mawe makubwa, zimekanyagwa na watu wa mbwa na watu wa matembezi mpaka theluji imekuwa ngumu. Siku za joto kidogo juu panayeyuka, baridi ikirudi panaganda, na asubuhi unakuta kioo kilichopakwa unga. Hapo ndipo nilipofundishwa. Unapunguza upepo tairini mpaka tairi likibonyezwa linakubali. Breki ya mbele unaisahau kabisa. Na macho huyapeleki kwenye mti, maana mti unaoutazama ndio utakaoukumbatia. Niliikumbatia mingi. Theluji ya matawini ilikuwa inaniangukia shingoni, na kaka anasimama mbele anasubiri, pumzi yake inatoka kama moshi wa jiko, anauliza kama mimi na mti tumeelewana.

Mlio wa zile skrubu kwenye barafu sijausahau. Ulikuwa kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo, taratibu, mahali ambapo hakuna sauti nyingine.

Katikati ya mzunguko wetu kulikuwa na mahali ambapo hapakupitika. Njia ilikuwa inapanda kilima kidogo, na ubavuni mwa mwamba kulikuwa na chemchemi. Maji yake yalivuja majira yote ya baridi, yakaganda juu ya njia, yakavuja tena, yakaganda tena, mpaka pakawa na barafu nene, ya bluu kidogo, imening'inia kutoka juu mpaka chini. Tuliiita Ulimi. Kila Jumapili tulishuka, tukazibeba baiskeli pembeni yake kwa kushikilia vichaka, tukapandia juu. Mimi sikujali. Kwangu Ulimi ulikuwa mahali pa kupumzikia na kula mkate. Yeye alikuwa anageuka kuutazama.

Kisha habari zikawa nzuri kwao. Vita vilikuwa vimekwisha, watu walianza kurudi, na mama yake alikuwa bado hai. Alipopata tiketi alikuja kutuambia akiwa amevaa suti. Dada alipiga vigelegele hata jirani wa juu akagonga sakafu. Mimi nilicheka nao, na huku nahesabu Jumapili zilizobaki. Jumapili zangu zote zilikuwa zake.

Siku hiyo, nilipomsindikiza stesheni, ndipo aliponiambia jambo lenyewe. Tulikuwa tunangoja treni, anapigapiga viatu chini kwa baridi.

"Mdogo wangu, mimi hapa nilifika nimebebwa," akasema. "Watu wa kanisa walinibeba. Watu wa ofisi walinibeba. Koti nilivalishwa, lugha nilitafsiriwa, hata kazi nilishikwa mkono nikapelekwa. Si vibaya. Lakini nataka kabla sijaondoka nipite kitu kimoja cha nchi hii kwa miguu yangu mwenyewe."

Nikamuuliza kitu gani.

"Si ule Ulimi wako wa kulia mkate."

Basi tukapanga. Jumapili yake ya mwisho, asubuhi na mapema, barafu ikiwa kavu. Angekuja Jumamosi na baiskeli yake kwenye treni, alale kwetu, ili tusipoteze muda. Katikati ya wiki iliyofuata angepanda ndege.

Alifika jioni ile baiskeli ikiwa na hali ya kusikitisha. Barabara zilimwagwa chumvi na mchanga, na chumvi ilikuwa imeigandia mpaka kwenye kiti. Niliiangalia pale mlangoni nikaona kama naangalia mtoto wa mtu aliyepakwa tope. Mgeni wangu, safari yake ya mwisho, na baiskeli yake katika hali ile. Mama angeniangalia, kisha angeiangalia ndoo.

Niseme pia kwamba baiskeli yangu mimi ililala roshanini siku zote, kwenye baridi. Dada alikuwa na zulia jeupe sebuleni na hakutaka kusikia habari ya baiskeli ndani. Nilimwona mkatili kwa hilo. Lakini jioni ile nilipomwambia ni ya mgeni, alikunja zulia mwenyewe. Naye alilelewa na mama yule yule.

Basi, wao walikaa sebuleni wanaongea habari za safari, dada anampa mizigo midogo midogo ya salamu, na mimi nikajifungia bafuni na baiskeli. Niliiweka ndani ya beseni la kuogea. Nikafungulia maji ya moto. Nilikuwa muoshaji kwa kazi, nilijua kuosha! Nikatumia sabuni ya vyombo inayokata mafuta, nikasugua cheni, nikasugua gia, nikapitisha maji kwa nguvu ndani ya friwili ya nyuma, ile inayolia tik-tik-tik ukiacha kukanyaga, mpaka yakatoka masafi. Nikaifuta kwa taulo langu. Nikaitia mafuta mapya juu juu kwenye cheni. Kisha nikaiegemeza sebuleni kando ya chuma cha joto chini ya dirisha, ilale vizuri. Nilienda kulala nina raha ambayo siwezi kuieleza.

Asubuhi nilimkuta amesimama mbele yake na kikombe cha chai. Inang'aa kama ya dukani. Aliinama, akazungusha pedeli nyuma kidogo, ikalia tik-tik-tik.

"Uliosha kwa maji ya moto?"

"Ya moto kabisa, kaka."

Akapitisha kiganja juu ya kiti.

"Haijawahi kung'aa hivi," akasema. "Asante, mdogo wangu."

Tukatoka. Baridi ya siku ile ilikuwa ile kavu, inayofanya pua ishikane ukivuta pumzi. Anga jeupe, jua liko chini kabisa nyuma ya miti, njia imegandamana vizuri. Ilikuwa siku tuliyoiomba. Skrubu zililia, sisi tukalia pia, tukiimba vipande vya nyimbo tusizozijua mwisho. Baada ya muda nilisikia akisema gia hazibadiliki. Nikamwambia labda cheni bado inazoea mafuta mapya. Akasema labda.

Chini ya Ulimi alisimama, akapunguza upepo kidogo tairini, akavua glavu, akazivaa tena. Mimi nilisimama kando ya njia kwenye theluji. Alirudi nyuma mpaka penye mkunjo, akageuka, akaja.

Aliingia vizuri. Skrubu ziliuma barafu, vipande vidogo vikaruka. Mgongo ameuinamisha, kifua karibu na usukani, anakanyaga bila papara. Akafika katikati. Akapita katikati, mahali ambapo sisi wawili hatukuwahi kufika. Nikaanza kupiga makofi, na mikono ilikuwa na glavu kwa hiyo haikutoa sauti. Kisha miguu yake ikaanza kuzunguka haraka haraka, kama ya mtoto anayechezea pedeli za baiskeli iliyopinduliwa. Cheni inakwenda, gurudumu limesimama. Alining'inia pale kwa muda mfupi, halafu akaanza kurudi kinyumenyume, akalala ubavu, akateleza polepole mpaka miguuni pangu, ameikumbatia baiskeli asiiumize.

Alikuwa anacheka. Nami nikacheka, nikijua ni cheni imeruka. Nikainua gurudumu, nikakanyaga pedeli kwa mkono. Cheni ilikuwa mahali pake. Nikazungusha nyuma. Hakuna tik-tik-tik. Kimya.

Ndani ya friwili kuna vijino vidogo vinavyochomoka na kushika gurudumu, ndivyo vinavyolia. Maji yangu ya moto yalikuwa yameingia humo, na sabuni yangu ilikuwa imetoa mafuta yote ya ndani, na msitu ulikuwa umeyagandisha maji. Vijino vimelala, haviamki. Waya za gia na za breki nazo zilikuwa zimeganda ndani ya mirija yake. Niliyaelewa yote kwa mara moja, nimepiga magoti kwenye theluji, na uso wangu ukawa wa moto katika baridi ile yote.

Sikutaka kukubali. Nilimwambia hebu tujaribu kuipulizia. Tukapiga magoti wote wawili, watu wazima, tukawa tunapumua juu ya friwili kwa zamu kama watu wanaochochea moto. Ililia tik moja. Tukatazamana. Ikanyamaza tena. Nikamwambia kuna njia nyingine ya kiume, ageuke tu asitazame, maji yake nayo ni ya moto.

"Hapana," akasema. "Imeoshwa jana."

Nikamsogezea baiskeli yangu. Nilimwambia ina meno yale yale, tumeyatoboa pamoja, apite na hii, ni sawa tu. Aliishika usukani, akaupima kwa mikono, nikadhani amekubali. Akanirudishia.

"Ndiyo nipite nimebebwa tena," akasema, lakini kwa upole, kama anayemwambia mtoto muda wa kucheza umekwisha.

Tukarudi kwa miguu, tunasukuma. Alikuwa na zamu ya mwisho hospitalini mchana ule, hakukuwa na muda wa kuirudisha nyumbani, kuiyeyusha, kuikausha na kutoka tena. Tulitembea sana. Mwisho nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua nikiwa na kikombe cha chai mkononi."

"Sasa mbona hukusema, kaka? Tungengoja. Tungeipasha. Tungefanya kitu."

Aliivusha baiskeli juu ya mzizi.

"Mtu amekuoshea baiskeli, usiku mzima umesikia maji yanamwagika," akasema. "Unamwambia nini?"

Najua nisingeiosha angepita. Najua pia kwamba nisingekuwa mimi. Nililelewa kuosha, kama yeye alivyolelewa kupokea, na adabu zetu mbili zilikutana kwenye friwili moja zikaiharibu.

Tulimsindikiza mpaka kwenye basi la uwanja wa ndege. Dada alilia kwa ajili yetu sote. Baiskeli aliniachia mimi, akaniambia yangu ya mnadani niipumzishe. Aliondoka amevaa suti ile ile na koti la kanisa lisilomtosha mikono, na aliponipungia nilimwona vifundo vyote vya mikono. Hatukuutaja Ulimi.

Baiskeli niliitia grisi ile nzito, nikailaza roshanini. Theluji ikaingia kwenye spoku, nikaiacha. Kila nikipita nilitamani kuifuta, kweli nilitamani, kitambaa mkononi, nikajizuia. Baadaye ikaja wiki ya baridi kali, nikapata siku ya mapumziko, nikaenda msituni peke yangu.

Ulimi ulikuwa umenenepa. Nilisimama pale alipopunguzia upepo, nikapunguza. Nikarudi mpaka kwenye mkunjo. Sikuwa na mpango wa kuushinda, nilitaka tu kuona alifika wapi. Nikaingia, skrubu zikauma, nikakanyaga bila papara kama yeye, na kabla sijamaliza kuogopa nikawa juu. Nimesimama juu ya kilima, mguu mmoja kwenye theluji, naangalia nyuma.

Ilikuwa rahisi. Hilo ndilo lililoniumiza. Ingekuwa ngumu ningejiambia kwamba hata kwake isingewezekana, kwamba angeanguka tu, maji au bila maji. Lakini ilikuwa rahisi, baiskeli yake iliijua kazi, na mimi si hodari wa kitu. Nilikula mkate wangu pale juu. Haukuwa na ladha.

Alipiga simu wakati wa Pasaka, akiwa kwenye duka la ndugu yake, simu ina mwangwi hata nikawa nasikia maneno yangu yanarudi. Mama yake ni mzima, amepungua tu. Nyumba haina paa upande mmoja. Joto limemshangaza. Aliuliza dada hajambo, akauliza theluji imeisha, kisha akauliza kwa sauti ya kupitia tu:

"Ulimi umeupita?"

Nilitazama roshanini. Baiskeli ilikuwa pale, chafu, salama.

"Bado, kaka," nikasema. "Unanishinda."

Nikasikia sauti yangu inarudi ikisema unanishinda. Halafu kicheko chake kikaja, kirefu, kile cha msituni.

"Nilijua," akasema. "Ule si wa watoto. Na baiskeli unaiosha?"

Nikasema siioshi. Akasema vizuri sana, na simu ikakatika.

Mpaka leo sijui kama aliniamini. Yule alikuwa mtu wa kusimama na kikombe cha chai mkononi, anajua kila kitu, na kusema asante.